Nani analipia uuguzi wa nyumbani?

Katika hesabu za Pato la Taifa, mahindi ambayo familia inayalima na kuyala yenyewe hupewa thamani. Maji yanayochotwa kisimani nayo yamo. Hata nyumba anayokaa mwenyewe hukadiriwa kodi, kana kwamba amepanga. Lakini saa za kumpikia mgonjwa uji wa mahindi hayo, kumwogesha kwa maji hayo na kumgeuza kitandani ndani ya nyumba hiyo hazimo. Ndivyo unavyoelekeza mfumo wa hesabu za taifa wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania nayo inaufuata.

Kinachoachwa nje si kidogo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kuwa kazi za nyumbani na za matunzo zisizolipwa huchukua saa bilioni 16.4 kila siku duniani, sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa 8 kwa siku bila ujira. Zikilipwa kima cha chini cha mshahara, zingefikia asilimia 9 ya pato la dunia. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake.

Bei ya kazi hii hutafutwa kwa njia mbili. Ya kwanza huuliza: angeajiriwa mtu mwingine, angelipwa ngapi? Amri ya mishahara ya Tanzania ya 2022 ilimpangia mfanyakazi wa nyumbani wa ngazi ya chini asiyeishi kwa mwajiri Sh120,000 kwa mwezi. Kwa saa 45 kwa wiki, hiyo ni kama Sh615 kwa saa. Kwa kiwango hicho, anayemuuguza mzazi saa 6 kila siku anafikisha zaidi ya Sh110,000 kwa mwezi, na Sh1.3 milioni kwa mwaka.

Njia ya pili huuliza anayeuguza amekosa kipato gani. Hapa pana mtego: kwa kuwa kipato cha maskini ni kidogo, muda wake nao huonekana rahisi. Kazi ile ile ya kumgeuza mgonjwa wa kiharusi asipate vidonda vya kulalia inakuwa ghali kwa matajiri wa Masaki, Dar es Salaam, na kwa maskini wa Mbagala, jiji hilo hilo, inakuwa karibu na bure.

Hasara halisi haiishii kwenye mauzo ya siku. Tuseme mama lishe wa Mbagala ana mzazi aliyepooza. Asubuhi, wateja wa supu na chapati wanapopita kwenda kazini, yeye yuko uani anafua mashuka, au ndani anabadilisha pampasi za wakubwa. Akifungua saa tano, amebakiwa na wateja wa mchana tu. Baada ya muda mtaji unageuka nauli ya kliniki, marejesho ya kikoba yanachelewa, naye anakimbilia mkopo wa riba kubwa, ule uitwao kausha damu. Meza ikifungwa, binti aliyekuwa akimsaidia kuosha vyombo naye kibarua kimeota nyasi.

Anayenufaika ni mfumo wa afya. Wodini ndugu ndio huleta hotpoti, hufua nguo na kununua kinachokosekana. Mgonjwa akiruhusiwa, kitanda kinapata mtu mwingine na gharama inahamia nyumbani. Hii ni ruzuku, ila inatoka kwa mwenye meza ya chapati kwenda serikalini.

Pensheni jamii, kama ile ya Zanzibar iliyoanza 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, au Inua Jamii ya Kenya, hupunguza makali. Inanunua unga na sabuni, lakini hairudishi saa zilizopotea. Kinachorudisha saa ni bomba la maji karibu na nyumba, na mhudumu wa afya wa jamii anayelipwa, anayefika asubuhi kusaidia kumwosha mgonjwa na kumfundisha ndugu namna ya kumnyanyua.

Halmashauri za Tanzania Bara nazo zina njia mkononi. Asilimia 10 ya mapato yao ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopaji anayeuguza angeweza kupewa ahueni ya miezi michache kabla ya marejesho kuendelea, badala ya kusubiri kikundi kizima kishindwe kulipa. Afisa anayekagua meza na masufuria ya mwombaji aulize pia kama nyumbani kuna mgonjwa, na asubuhi anaachwa na nani.