Kabla ya Kuomba Ruzuku, Fungua Daftari

Saa tano usiku, saa moja kabla ya dirisha la maombi kufungwa, nilikuwa nimekaa kitandani hosteli na simu yenye chaji asilimia 12. Fomu ilikuwa ndefu na nilikuwa najibu fasta: jina, namba ya NIDA, wazo la biashara, ndoto yako ni nini. Kwenye ndoto niliandika aya mbili nzima. Halafu likaja swali fupi: taja mauzo na gharama zako za miezi mitatu iliyopita. Nikaganda. Nilikuwa nauza karanga za kukaanga tangu mwaka wa kwanza na bloku nzima inanijua, lakini hesabu zote zilikuwa kichwani, na faida nyingine nilishaila chipsi. Nikabuni namba, nikatuma. Baada ya wiki sita nikajibiwa kwamba sikuchaguliwa. Kusema kweli, hata mimi nisingejichagua.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tuko njiani kufanya kosa lilelile. Mimi nasoma ualimu. Kaka na dada zetu wa zamani walimaliza chuo wakasubiri kupangiwa kituo. Sisi tutaomba nafasi, tutaitwa kwenye usaili, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Bumu nalo linakoma siku ya mtihani wa mwisho. Kwa hiyo biashara ndogo si mchezo wa kupoteza muda tena, na pesa ya kuikuza lazima itoke mahali fulani.

Sasa sikia, tuanze na majina, maana hapa watu wanachanganya. Ruzuku ni pesa unayopewa kwa kazi maalumu na hurudishi, ila utatoa maelezo ya matumizi yake. Mkopo unarudishwa, hata kama hauna riba. Tuzo ya mashindano unapewa kwa ulichokwisha kufanya. Ukiomba mkopo ukidhani ni ruzuku, utashangaa siku ya marejesho.

Mfano ni ile "asilimia 10 ya halmashauri". Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejea mwaka 2024. Pesa hii haina riba, lakini ni mkopo. Vijana wanaomba kwa kikundi, na mlango wa kuanzia ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Hapo mwanachuo ajiulize kabla ya kukusanya majina: mkimaliza chuo, mmoja akaenda Kigoma, mwingine Mtwara, nani atabaki kulipa? Kikundi cha watu wa mtaa mmoja nyumbani kinaweza kuwa salama kuliko kikundi cha chumba kimoja hosteli.

Ruzuku zenyewe ziko za aina nyingi. Taasisi ya Tony Elumelu ya Nigeria ina mpango ulioanza mwaka 2015 kwa ahadi ya dola milioni 100 kwa wajasiriamali 10,000 ndani ya miaka 10. Anayechaguliwa hupata mafunzo na mtaji wa dola 5,000 usiorudishwa. Dirisha lake hufunguliwa Januari, Watanzania wanaruhusiwa, na kuomba ni bure. Ila unashindana na Afrika nzima. Hapa nyumbani kuna mpango wa Funguo, ulio chini ya UNDP, unaosaidia kampuni changa zenye ubunifu. Ukiwa na programu ya simu au kifaa ulichobuni, angalia pia mashindano ya MAKISATU, ambayo yamekuwepo tangu mwaka 2019 na yana nafasi ya wanavyuo. Karanga zangu hazifai huko, na hilo si tusi. Kila mtoa pesa ana lengo lake, na wewe unatafuta yule ambaye lengo lake linakutana na kazi yako. Soma tangazo mara mbili: umri, nchi, sekta, umri wa biashara. Ukikosa sharti moja, acha, tafuta jingine.

Usipuuze pia msaada usio wa pesa. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi mikoani na inafundisha usindikaji wa vyakula, ufungashaji na usimamizi wa biashara. Maombi mengi huuliza umepata mafunzo gani, na hilo ni jibu ambalo unaweza kulitafuta likizo hii.

Halafu kuna matapeli. Rafiki yangu mmoja alitumiwa ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: hongera, umechaguliwa kupata ruzuku ya milioni 3, tuma sh. 35,000 ya kuchakata faili. Akatuma. Kesho yake wakaomba 50,000 nyingine, ndipo akashtuka. Alikula uji wiki nzima. Jiulize: niliomba lini? Kama hukuomba, hukuchaguliwa. Na anayetaka kukupa milioni 3 kwa nini akudai 35,000 kwanza? Pia usimpe mtu namba ya siri ya simu yako, hata akijiita ofisa wa wapi.

Tuje kwenye kuandika. Hapa wenzangu wa ualimu tuna bahati ambayo hatuioni, maana fomu ya ruzuku ni andalio la somo lililovaa suti. Ukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha huandiki "wanafunzi watapenda hisabati". Mkufunzi atakurudishia. Unaandika kwamba hadi mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kisha unataja zana, hatua, muda, na namna utakavyojua kama wameelewa. Ruzuku inataka hivyohivyo. "Nataka kukuza biashara yangu" ni sawa na "wanafunzi watapenda hisabati". Andika: ndani ya miezi sita nitatoka kilo 10 za karanga kwa wiki hadi kilo 25. Zana ndiyo bajeti, hatua zenye tarehe ndiyo azimio la kazi, na tathmini ni daftari la mauzo.

Daftari langu nilianza wiki ileile niliyokataliwa. Ni la kawaida, kurasa 96, lenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Baada ya mwezi likaniambia mambo ambayo sikuwa nayajua. Kilo moja ya karanga mbichi nainunua sh. 4,500. Chumvi, gesi na vifuko vinakula kama 1,000. Napata pakiti 14 za sh. 500, yaani 7,000. Faida ni 1,500 kwa kilo, na kwa kilo 10 ni 15,000 kwa wiki. Mimi nilikuwa nadhani napata mara mbili yake. Kumbe zilikuwa zinaondoka kwa mkopo wa marafiki: "nitakulipa bumu likiingia."

Ukiwa na namba hizo, bajeti inajiandika yenyewe. Ya kwangu sasa inasomeka hivi: jiko la gesi na sufuria kubwa 200,000, mashine ya kufunga pakiti 80,000, mzani 45,000, karanga kilo 40 kwa 180,000, vifuko na lebo 60,000, nauli ya kufuata mafunzo na mzigo 35,000. Jumla 600,000. Kila kitu nimekiulizia bei dukani, na kila kimoja kinajibu swali la "kwa nini". Mashine ya kufunga ipo kwa sababu maduka mawili ya nje ya chuo yalikataa pakiti zangu zilizofungwa kwa mshumaa. Ukiweka "laptop milioni 1.5" kwenye biashara ya karanga, msomaji wa fomu anajua kwamba unataka laptop.

Makaratasi nayo yasikutishe. Kitambulisho cha NIDA unacho. TIN kutoka TRA hailipiwi. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa mtandao kwa ada ndogo. Wengi wanaogopa TIN wakidhani kesho yake kodi itabisha hodi chumbani, lakini mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi sh. milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Halafu fungua akaunti au laini ya simu ya biashara peke yake, usichanganye na bumu. Taarifa ya miamala ya miezi sita ni ushahidi mzuri kuliko aya yoyote ya ndoto.

Mwisho, mpe mtu mwingine asome kabla hujatuma. Mwenzangu wa chumbani anasoma uhasibu. Nilimpa rasimu yangu, akasoma kimya, akaniuliza swali moja: "Dada, wakikunyima tena utafanyaje?" Sikuwa na jibu, tukafungua daftari tukakaa nalo hadi usiku. Tuliona kwamba nikiacha kukopesha na kuweka 10,000 kila wiki, mashine ya kufunga naipata ndani ya wiki nane bila ruzuku ya mtu. Nimeshaweka wiki ya tano. Januari nitaomba tena, na swali la miezi mitatu iliyopita likija, nitafungua ukurasa na kunakili.