Kumtambua Mbung'o na Kumhifadhi kwa Uchunguzi

Kwa mkazi wa Nemba anayeingia porini kutafuta kuni, asali au malisho, kuumwa na nzi si jambo geni. Wilaya za Biharamulo na Ngara zina mapori ambayo baadhi yake, tangu mwaka 2019, yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Katika mapori ya namna hii wanyamapori humlisha mbung'o, mdudu anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Hata hivyo, si kila nzi aumaye ni mbung'o.

Utambuzi

Mbung'o ana urefu wa milimita 6 hadi 14. Anapotua, mabawa yake hulaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa, na mrija wake wa kunyonyea huelekea mbele. Katikati ya kila bawa, mishipa huchora umbo la shoka. Hii ndiyo alama ya uhakika. Nzi wa zizini naye ana mrija unaochomoza mbele, lakini mabawa yake huachana na hayana shoka hilo. Mbung'o dume na jike wote hunyonya damu.

Uhifadhi

Nzi asipondwe. Kwa uchunguzi wa umbo, atumbukizwe katika ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Kwa uchunguzi wa vinasaba, asilimia 95 au zaidi. Formalini huharibu vinasaba. Lebo iandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka, kisha iwekwe ndani ya kichupa: kijiji, tarehe, mazingira na jina la mkusanyaji. Bila lebo, kielelezo hupoteza thamani yake.

Kwa mgonjwa na mhudumu

Kielelezo huonyesha hatari ya mahali. Hakithibitishi ugonjwa, kwani mbung'o wengi hawana vimelea. Malale ya Afrika Mashariki yasipotibiwa huua katika wiki au miezi michache, nayo huanza kwa homa inayofanana na ya malaria. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha vimelea vya malale, na hata kikiwa chanya hakiyaondoi malale. Kwa hiyo, mgonjwa aeleze kwamba aliingia porini na kuumwa; naye mhudumu, homa isipotulia, aagize damu ichunguzwe kwa hadubini.