Kelele za Täby zilizosafiri kwa posta

Wimbo wa kawaida wa Mob 47, bendi ya panki, huchukua kama dakika moja, na mara nyingine haufiki hata hapo. Mpiga dramu anagonga vijiti mara nne, kisha gitaa, besi, ngoma na sauti ya mtu anayefoka vinaingia kwa pamoja. Kabla hujajiweka sawa kitini, wimbo umekwisha na mwingine umeshika kasi. Mwaka 1984 vijana hawa wa Uswidi walibana nyimbo tisa za namna hiyo kwenye santuri ndogo ya inchi saba, ile ambayo bendi zetu za dansi hapa Tanzania zilikuwa zikiijaza kwa wimbo mmoja tu, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Waliiita Kärnvapen Attack, yaani shambulio la silaha za nyuklia.

Walitoka Täby, kitongoji cha kaskazini mwa Stockholm kinachofikiwa kwa treni ya reli nyembamba. Täby si mahali pa dhiki. Kuna nyumba zenye bustani, magorofa yaliyopangwa vizuri, maduka, na wakazi wengi wenye kipato kizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpiga gitaa Åke Henriksson na wenzake walianza kwa jina la Censur, wakaja kulibadili. Walikuwa vijana wadogo. Hakuna aliyewafundisha kupiga muziki ule, na hakuna kampuni ya santuri iliyokuwa ikiwatafuta.

Walichokuwa wakipigia kelele kilikuwa kitu halisi. Desemba 1979 nchi za NATO ziliamua kuweka makombora mapya ya nyuklia Ulaya Magharibi, kujibu yale ya Wasovieti. Machi 1980 Waswidi walipiga kura ya maoni kuhusu umeme wa nyuklia, mwaka mmoja baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island kule Marekani. Oktoba 1981 nyambizi ya Kisovieti ilikwama kwenye miamba karibu na Karlskrona, penye kambi kuu ya jeshi la majini la Uswidi. Wapimaji wa Kiswidi walisogea na vifaa vyao, na siku chache baadaye Waziri Mkuu Thorbjörn Fälldin akawatangazia wananchi kwamba kwa uwezekano mkubwa chombo kile kilikuwa na silaha za nyuklia ndani. Hebu fikiria una miaka kumi na sita, unasikia hayo redioni jikoni kwenu, na unajua kwamba ukifika kumi na minane utaitwa jeshini. Uswidi ya wakati ule ilijitangaza kuwa haifungamani na upande wowote, lakini viwanda vyake, Bofors kikiwa mfano unaojulikana zaidi, vilikuwa vikiuza mizinga nje. Vijana waliliona hilo, na wakalitaja kwa jina lake, kwa Kiswidi, lugha ya nyumbani.

Mdundo wenyewe ulikuja kutoka Uingereza. Bendi ya Discharge, kutoka mji wa vyungu na sahani wa Stoke-on-Trent, ilitoa mwaka 1982 albamu yake Hear Nothing See Nothing Say Nothing, na ndani yake kulikuwa na upigaji wa ngoma uliowateka Waswidi kuliko taifa jingine lolote la Ulaya. Ngoma kubwa ya mguuni na ndogo ya mkononi zinajibizana, dum-ta, du-du-ta, dum-ta, du-du-ta, bila kupumua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Juu yake gitaa linakwaruza noti chache zilezile. Anti Cimex wa Skövde waliuchukua, Asocial wa Hedemora wakauchukua, Moderat Likvidation wa Malmö na Avskum wa Kristinehamn vilevile. Tazama ramani: ukiacha Malmö, hiyo ni miji midogo ambayo hata Mswidi huipita kwa treni bila kushuka. Mob 47 waliuchukua mdundo huo wakauendesha mbio zaidi. Mpiga dramu wao hapigi kama mtu aliyekasirika na kupoteza kichwa. Msikilize vizuri utagundua kila pigo limekaa mahali pake, kama fundi cherehani aliyekanyaga pedali mpaka mwisho na mshono bado umenyooka. Ufundi huo haupatikani kwa hasira peke yake. Unapatikana kwa kufanya mazoezi jioni baada ya jioni, mwezi baada ya mwezi, na mazoezi ya dramu yanahitaji chumba ambacho jirani hatakuja kugonga mlango.

Chumba hicho ndicho ninachotaka kukizungumzia zaidi.

Uswidi ina mashirika ya elimu ya watu wazima ambayo chimbuko lake ni vyama vya wafanyakazi, makanisa na vyama vya kupinga ulevi. Kubwa kuliko yote ni ABF, lililoundwa mwaka 1912 na vyama vya wafanyakazi pamoja na chama cha Social Democrats ili kibarua wa kiwandani apate pa kusoma vitabu na kujadili siasa baada ya kazi. Njia yao ni duara la kujifunza: watu wachache wanaokutana mara kwa mara, hawana mwalimu wa kuwasimamia kwa fimbo, mmoja wao anakuwa kiongozi, na serikali inalipa ruzuku kufuatana na saa walizokutana. Miaka ya sabini na themanini vijana wenye magitaa waligundua kwamba bendi nayo ni watu wachache wanaokutana mara kwa mara. Mashirika yakakubali. Hivyo mpiga besi mwenye nywele zilizosimama kwa sabuni na koti lenye misumari alikuwa akijaza fomu ya mahudhurio: jina, tarehe, saa, somo. Somo ni muziki wa roki. Kiongozi wa duara anatia saini, na wiki ijayo funguo za chumba zinapatikana tena.

Na vyumba vyenyewe vilikuwa wapi? Mara nyingi chini ya ardhi. Tangu Vita vya Pili vya Dunia hadi kipindi chote cha vita baridi, Uswidi ilijenga mahandaki ya kujikinga na mabomu chini ya magorofa, shule na ofisi. Hadi leo yamebaki zaidi ya 60,000. Wakati wa amani hugeuzwa maghala ya baiskeli, vyumba vya mazoezi ya viungo, au vyumba vya bendi. Kuta ni za zege nene, mlango ni wa chuma na hufungwa kwa mikono miwili, hewa ni nzito, na wa nje hasikii kitu. Bendi nyingi za Uswidi zilijifunza muziki humo. Vijana waliofoka kuhusu bomu walifokea ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya siku lile bomu litakapoanguka, na ruzuku ya kuwawezesha kukutana ilitoka kwa dola ileile waliyokuwa wakiitukana.

Wako wanaosema kwamba huo ulikuwa ujinga wa serikali, na wako wanaosema kwamba vijana walikuwa wanafiki. Mimi nakataa yote mawili. Fomu ya mahudhurio haikuuliza maneno ya wimbo. Hapo ndipo palipo na heshima ninayoiona katika mpango mzima: mtu mzima alimpa mtoto wa mwingine ufunguo, akamwamini kwamba ataurudisha, na hakumwekea sharti la kumsifu.

Msomaji wa Dar es Salaam ana haki ya kusema kwamba na sisi tuliona vyama vya wafanyakazi vikilea bendi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Vyombo vilikuwa mali ya chama na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara, jambo ambalo hakuna kijana wa panki Uswidi aliyewahi kulipata. Lakini mwenye vyombo alikuwa na neno katika kile kitakachoimbwa, na nyimbo za kusifu sera zilikuwa sehemu ya kazi. Urithi wa Uswidi wa kuelimisha watu wazima nao ulifika kwetu, kwa njia nyingine: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi, vilichukua mfano wa shule zao za wananchi. Useremala, kilimo na upishi vilivuka bahari. Ufunguo wa chumba cha bendi haukuvuka, na ninasikitika kwa ajili ya vijana wengi wenye vipaji waliopitia vyuo vile.

Basi kelele zipo, mazoezi yamefanyika. Nani atazisikia? Redio ya taifa ilikuwa na kipindi cha Ny Våg kilichopokea kanda za bendi ndogo na kuzipiga bila kujali ubora wa kurekodiwa, na hilo lilisaidia sana ndani ya nchi. Kwingineko kulikuwa na posta na vijarida vya mashabiki.

Kijarida cha mashabiki kilitengenezwa hivi. Unaandika mahojiano kwa taipu, unayakata kwa mkasi, unayagandisha kwa gundi kwenye karatasi pamoja na picha ya giza ya jukwaani na herufi za kubandika zilizopinda kidogo. Halafu unatafuta mashine ya fotokopi: ya ofisini kwa mzazi, ya shuleni, ya maktaba. Picha inatoka nyeusi tii na nyeupe pe, hakuna kijivu, na sura ile ndiyo iliyokuja kuwa sura ya muziki wenyewe, hata kwenye majalada ya santuri. Unakunja, unabana kwa pini, unauza mlangoni kwenye onyesho kwa hela ya kufidia karatasi. Nakala nyingine unabadilishana na mwenye kijarida cha mji mwingine. Mwenye kijarida mara nyingi ndiye mpiga besi, ndiye mwandaaji wa maonyesho, ndiye msambazaji wa kanda. Hapakuwa na mpaka kati ya msanii na msikilizaji, kwa sababu hapakuwa na watu wa kutosha kuweka mpaka.

Kimataifa, jarida la Maximum Rocknroll lilianza kuchapishwa mwaka 1982 eneo la Berkeley, California, likitokana na kipindi cha redio cha Tim Yohannan. Kila toleo lilibeba ripoti zilizoandikwa na wasomaji wenyewe: bendi zipi zipo mjini kwetu, nani ametoa kanda, polisi wamefunga ukumbi upi, na chini kabisa anwani ya kuandikia. Anwani hizo ndizo zilizokuwa mtandao. Kijana wa Uswidi alituma kanda ya dakika sitini São Paulo, baada ya wiki kadhaa akapokea kanda ya bendi za Kibrazili. Asiye na stempu za nchi ya mwenzake alinunua posta kuponi ya majibu ya kimataifa. Asiye na pesa alipaka stempu gundi nyembamba kabla ya kutuma, ili muhuri ukae juu ya gundi; mpokeaji aliziosha kwa maji ya uvuguvugu na kuzirudisha zitumike tena. Posta hawakupenda, na najua kisheria ni wizi. Lakini naielewa njaa iliyowasukuma, njaa ya kusikilizana.

Kwa njia hiyo Mob 47, waliokuwa na kanda moja ya mwaka 1983 na ile santuri ndogo, walijikuta kwenye albamu ya mkusanyiko ya Maximum Rocknroll iliyoitwa Welcome to 1984, bega kwa bega na bendi za Japani, Italia, Uholanzi na Brazili. Hakuna wakala aliyewapeleka. Bahasha ziliwapeleka.

Mwaka 1986 ulikuwa mzito kwa Uswidi. Februari 28 Olof Palme aliuawa kwa risasi barabarani Stockholm. Mwezi Aprili wafanyakazi wa kinu cha Forsmark waligundua mionzi kwenye viatu vyao, na ndipo dunia nje ya Muungano wa Kisovieti ikapata kujua kuhusu Chernobyl. Miaka ile ile kundi la kwanza la panki kali lilianza kutawanyika. Mob 47 walinyamaza. Wengine walioa, wengine walipata kazi, wengine walihamia muziki mwingine. Wadogo zao waliokulia kwenye santuri hizo walilegeza nyuzi za gitaa, wakaongeza uzito, na kutoka Stockholm ukatoka muziki wa metali wa kifo (death metal) ulioitikisa dunia. Albamu ya Entombed ya mwaka 1990, Left Hand Path, ina damu ya panki hii ndani yake. Huko Kochi, Japani, bendi ya Disclose ilijenga maisha yake yote ya muziki juu ya mdundo wa Discharge na Waswidi. Kisha miaka ya 2000 Mob 47 wakarudi jukwaani, wanaume wa makamo, wakakuta vijana wa nchi za mbali wanajua maneno ya Kiswidi kwa moyo, maneno yaliyofika kwao kwa kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine.

Mwaka 2023 serikali ya Uswidi ilitangaza kupunguza ruzuku ya mashirika ya elimu ya watu wazima hatua kwa hatua, hadi punguzo lifikie kronor milioni 500 kwa mwaka ifikapo 2026. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa ya kweli: baadhi ya vikundi vilikutwa vimeandika madarasa hewa ili kula fedha, na mkaguzi mkuu aliona mianya. Wanamuziki walipinga, si wa panki tu, hata wa pop na kwaya za makanisani. Mwizi anastahili kukamatwa na mwanya anastahili kuzibwa. Ila wanaotozwa sasa ni watoto wenye gitaa la mkopo, ambao wataambiwa chumba kina kodi ya mwezi, walipe au waondoke, na hakuna hata mmoja wao aliyeandika saa hewa.