Beseni la Archimedes na gitaa la Balisidya

Mwaloni, pale inapooshwa dhahabu, maji ndiyo hakimu. Mchanga uliosagwa kwenye karasha unamiminwa juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa magunia. Maji yanasomba udongo, dhahabu inabaki imeng'ang'ania nyuzi. Uzito wake ni zaidi ya mara 19 ya maji ya ujazo uleule. Mchimbaji wa Geita au Kakola anaijua hesabu hiyo kwa mikono yake.

Kuna kisa cha kale cha Ugiriki juu ya hesabu hiyohiyo. Mfalme Hiero alishuku kwamba sonara amechanganya fedha kwenye taji lake la dhahabu. Mwanahisabati Archimedes, aliyepewa kazi ya kulichunguza, alipoingia kuoga, akaona maji yakipanda kadiri mwili unavyozama, akajua namna ya kulipima taji bila kuliharibu.

Katika kisa hicho bendi moja ya Uswidi ilichota jina lake: Archimedes Badkar, yaani beseni la kuogea la Archimedes. Ukitaja muziki wa Uswidi leo, vijana watakutajia ABBA, na wapenzi wa roki watakutajia Europe na magitaa yake makali. Archimedes Badkar walikuwa wa njia nyingine. Walichanganya roki, jazi na ngoma za mataifa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaingia studio na Mtanzania, Patrick Balisidya wa bendi ya Afro 70. Santuri iliyotoka ina jina la Kiswahili: Bado Kidogo.

Balisidya alizaliwa Mvumi, Dodoma, mwaka 1946. Alipitia Dar es Salaam Jazz kabla ya kuunda Afro 70, na mwaka 1977 akapiga Lagos kwenye tamasha la FESTAC. Alifariki mwaka 2004. Wengi wetu tunamjua kwa wimbo mmoja tu, Harusi, ule ambao bibi harusi wa Shinyanga hawezi kuingia ukumbini bila huo. Naupenda mno. Lakini kumpima mtu huyu kwa Harusi peke yake ni kuchukua punje moja na kuacha gunia zima la mawe bila kulisaga.

Niliisikiliza Bado Kidogo kwa simu, njiani kutoka Kahama kwenda Geita, vumbi likiingia dirishani. Kilichonishika ni kwamba Balisidya hakwenda Ulaya kuiga. Waswidi ndio waliosogea kwake: lugha ni yetu, na gitaa lake ndilo linaloongoza safari. Vijana wa Kanda ya Ziwa wanaotafuta namna ya kuupeleka muziki wa Kisukuma mbali wangeanzia hapo kusikiliza.

Kwa hiyo nina ombi kwa watangazaji wa zilipendwa wa Shinyanga, Kahama na Geita. Jumamosi moja, Harusi ikimalizika, msikimbilie wimbo wa bendi nyingine. Ipigeni Bado Kidogo.