Lugha ya Programu na Jibu la Maabara

Mgonjwa anayesubiri jibu la kipimo haioni programu ndogo inayolisafirisha jibu hilo kutoka kwenye mashine ya maabara hadi kwenye jalada lake. Muuguzi naye huikumbuka siku inapokwama. Mara nyingi programu hiyo huandikwa na mtumishi mmoja wa kitengo cha TEHAMA, kwa lugha anayoipenda mwenyewe, na uchaguzi wake hudumu kuliko ajira yake.

Mfano uko Boston. Katika miaka ya 1966 na 1967, maabara ya Octo Barnett katika Hospitali Kuu ya Massachusetts ilizaa lugha ya MUMPS kwa ajili ya kumbukumbu za wagonjwa. VistA, mfumo wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, ulijengwa kwa lugha hiyo na ungali unatumika, ilhali vijana wanaojifunza MUMPS ni wachache.

Leo wanaoshindana ni wengine. Python husomeka kwa wepesi, hata na mtakwimu asiye mwanaprogramu. Go hukagua aina za data kabla programu haijaanza kazi, kisha hutoa faili moja linalonakiliwa kwenye seva bila kusakinisha kingine. Kwa hospitali yenye intaneti ya kusuasua, hiyo ni nafuu kubwa. JavaScript ina wajuzi tele, lakini ina mtego unaomhusu mgonjwa moja kwa moja. Namba yake ya kawaida haiaminiki ikizidi 9007199254740991. Mgonjwa aliyesajiliwa kwa 9007199254740993 hugeuzwa kuwa 9007199254740992, bila onyo lolote, na jibu lake huweza kuangukia jalada la mwingine.

Tiba yake ni kuhifadhi namba ya mgonjwa kama maandishi, katika lugha yoyote. Hakuna anayejumlisha namba za wagonjwa. Hivyo hata sifuri za mwanzo husalimika.

Kwa kazi ndogo ya ndani, Python yatosha pale ambapo watumishi wawili au zaidi wanaimudu na kuihuisha: toleo lake la 2 liliachwa bila marekebisho ya usalama tangu 2020. Go inafaa zaidi kwa programu itakayokaa miaka bila kuguswa. Kabla ya kuipokea yoyote kati ya hizo, wahudumu wa maabara waijaribu kwa wagonjwa wawili wa kubuni wenye namba ndefu zinazofuatana, kisha walinganishe jina, namba na tarehe ya kuzaliwa katika kila jibu linalotoka.