Ndoano ya Sentimita 91

Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na chini ya sheria hiyo kuna viwango vya ujenzi vilivyotolewa upya mwaka 2010. Ni waraka mrefu wa vipimo vya milango, ngazi, vyoo na lifti. Ndani yake, katika sehemu inayoeleza mkono wa mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu hufika wapi, limo jedwali dogo la watoto. Mtoto wa miaka 3 au 4 awekewe kitu anachokihitaji kisichozidi sentimita 91 kutoka sakafuni, wala kisiwe chini ya 51. Wa miaka 5 hadi 8 asipandishiwe zaidi ya 102. Wa miaka 9 hadi 12, mwisho 112. Jedwali ni la ushauri tu, halimlazimishi mjenzi. Lakini maelezo yake yanapotaja mfano wa vitu vya kupimwa hivyo, kinachotangulia ni ndoano za makoti. Ajabu ni kwamba bomba la kutundikia katika kabati la makoti la nyumba ya kawaida nchini humohumo hufungwa karibu sentimita 168 kutoka chini. Mtoto wa miaka 3, kwa wastani wa Shirika la Afya Duniani, ana urefu wa sentimita 95 au 96. Hata akinyoosha mkono na kusimama kwa vidole, bomba hilo liko mbali naye kabisa.

Tofauti hiyo ya sentimita 77, kati ya kipimo cha ndoano na cha bomba, ndiyo inayonifanya niamini kwamba shauri tunalopewa kuhusu kupanga kabati la makoti huanzia mahali pasipofaa. Tunaambiwa tuyapange kwa rangi, kwa urefu, kwa majira. Tununue henga za namna moja, masanduku ya glavu, vikapu vya skafu. Yote yanahusu vitu. Ni nadra kusikia mtu akianza na mkono utakaolitundika koti. Kabati hupangwa Jumamosi likapendeza, na kufikia Jumatano makoti mawili yako sakafuni, moja kwenye kiti, jingine juu ya buti zenye tope. Kisha lawama zinawaangukia watoto kwamba hawana mpangilio. Mimi nasema koti lililo sakafuni, mara nyingi, ni suala la kipimo kabla halijawa suala la malezi. Limeachwa mahali pa mwisho ambapo mkono wa mwenye nalo ungeweza kulifikisha.

Si jambo la ughaibuni pekee, ingawa huko ndiko linakouma zaidi. Familia za Wakenya walioko Minnesota na za Wakongo waliohamia Iowa na Maine zinaishi na makoti kwa miezi mingi ya mwaka, na kila mtoto ana koti zito, suruali ya theluji, buti, kofia na glavu, vyote vya kuvaliwa asubuhi kabla basi la shule halijapita. Lakini hata Njombe, Makete, Lushoto, Limuru na Kinangop, mwezi wa Juni na Julai mtoto hatoki nyumbani bila jaketi au sweta zito. Kwenye nyumba nyingi huko hakuna kabati la makoti. Kuna msumari nyuma ya mlango, nao umepigiliwa kwa kipimo cha bega la baba.

Aliyelitazama jambo hili kwa makini kuliko wengi alikuwa daktari. Maria Montessori alihitimu udaktari Roma mwaka 1896, na tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo jijini humo. Wazazi walikuwa vibarua walioshinda kazini, na watoto walioachwa peke yao walikuwa wakiharibu ngazi na kuta za majengo yaliyokwisha kukarabatiwa. Wamiliki walitaka mtu wa kuwatuliza. Yeye alianza na samani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1909 anaeleza kwa undani meza nyepesi ambazo watoto wawili wa miaka 4 wanaweza kuzibeba, viti vidogo, beseni la kunawia lililowekwa chini kiasi cha kufikiwa na mtoto wa miaka 3, na makabati mapana ya kimo kifupi, yenye milango ambayo kidole kidogo kinaweza kuifungua. Alitengeneza pia fremu za mbao zenye vipande viwili vya kitambaa: moja ya vifungo vikubwa, nyingine ya vidogo, nyingine ya kamba, nyingine ya kulabu. Mtoto alizoea kufunga na kufungua kwenye fremu, bila haraka ya mtu anayemngoja mlangoni, kisha akahamishia ujuzi ule kifuani pake.

Hoja yake ilikuwa kali kuliko inavyodhaniwa na wanaomkumbuka kwa vifaa vya mbao tu. Alisema kumhudumia mtoto kwa jambo analoliweza ni kumzuia, hata kama tunafanya hivyo kwa mapenzi. Alimlinganisha mgonjwa aliyepooza asiyeweza kuvua buti zake na mwana wa mfalme asiyethubutu kuzivua kwa sababu ya cheo, akasema hali yao ni moja. Ni maneno mazito kuyaelekeza kwa mama anayemvua mwanawe koti saa kumi na moja jioni huku chakula kikiwa jikoni. Lakini yanamgusa zaidi fundi aliyefunga bomba, kwa kuwa mama hakuwa na hiari: akilitaka koti lipande juu, atalipandisha yeye.

Basi tuitazame kazi yenyewe, maana uzito wa hoja uko humo. Henga hudai mengi. Ni lazima uishike kwa mkono mmoja, ulishike koti kwa mkono wa pili, uingize bega la kwanza, ulizuie lisichomoke huku ukiingiza la pili, uliweke sawa, kisha uinue vyote viwili pamoja na kuipata nafasi kwenye bomba lililojaa. Mtu mzima hafikirii, mikono yake imekwisha kuzoea. Mtoto wa miaka 4, hata ukimletea henga mkononi, atalikosa bega la pili. Ndoano inadai kitu kimoja tu: kitanzi. Hicho ni kile kipande kidogo cha utepe au mnyororo kilichoshonewa ndani ya kola, shingoni, ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka kikatike. Na kwenye makoti ya mitumba hukatika sana, kwa sababu ndicho kilichobeba koti lote kwa mwenye nalo wa kwanza. Fundi cherehani anaweza kurudisha kitanzi kwa utepe imara wa urefu wa kidole, akiushona ncha zote mbili kwa kurudiarudia. Kiwe kipana, kidole gumba cha mtu mzima kipite bila taabu, maana mkono wa mtoto hutafuta kwa kupapasa. Utepe wa rangi tofauti na bitana unasaidia jicho. Sijui matengenezo mengine ya nguo yenye gharama ndogo hivyo na manufaa makubwa kiasi hicho.

Ndoano nayo ichaguliwe. Msumari mtupu unatoboa kitambaa na kumkwaruza mtoto shavu, hasa ukiwa kwenye kimo cha macho yake, na karibu sentimita 91 ndipo macho yalipo kwa wengi wao. Hilo ni onyo la kweli. Chango cha mbao chenye kichwa cha mviringo, au ndoano ya chuma iliyopindwa ncha, kiwekwe kwenye ukuta wa pembeni wa kabati au mahali ambapo mtoto hapiti akikimbia. Kila mtoto na chake, kikiwa na picha au rangi yake, kama wanavyofanya kwenye shule za chekechea. Koti la mtoto mdogo lina urefu wa nusu mita hivi. Likining'inia kutoka 91, chini yake inabaki nafasi ya buti.

Shule za Montessori zimeongeza ustadi mmoja wa kuvaa ambao ungenifurahisha kuuona katika kila nyumba yenye baridi. Koti linalazwa sakafuni, zipu wazi, bitana ikitazama juu, na kola ikiwa miguuni mwa mtoto. Anainama, anaingiza mikono yote miwili kwa pamoja kwenye mikono ya koti, kisha anainuka na kulirusha juu ya kichwa. Koti linapita hewani na kuteremka mgongoni likiwa limekaa barabara. Hakuna mkono wa koti unaotafutwa nyuma ya mgongo, hakuna mtu mzima anayevuta kola. Mtoto wa miaka 3 huweza. Ila lazima koti limfikie kwanza, na ndiyo maana yote haya yanarudi kwenye ndoano.

Pingamizi zipo, na nyingine zina haki. Wanaotunza nguo watasema koti la sufu likining'inizwa kwa kitanzi huvutika shingoni na kupoteza umbo la mabega. Ni kweli. Koti la sufu la mtu mzima, na suti ya baba, vikae juu kwenye henga pana. Hakuna mtoto anayevihitaji. Jaketi la mtoto lenye pamba ndani halina umbo la kupotea, na kabla halijaharibika atakuwa amelizidi kimo. Wengine watasema huko ni kudekeza, kwamba sisi tulilelewa kwa kufuata nyumba ilivyo. Nadhani malezi yetu yanashuhudia kinyume. Mtoto wa kijijini aliyetumwa maji alipewa kidumu kidogo, na aliyefundishwa kulima alichongewa mpini mfupi. Wazee hawakumpa mzigo wa mtu mzima kisha wakamwita mvivu.

Lililo gumu zaidi ni hili: utaweka ndoano, na mtoto bado atatupa koti. Montessori alikabiliwa na pingamizi kama hilo kuhusu viti vyepesi, kwamba watoto watavigonga na kuviangusha. Alijibu kwamba kiti kinapoanguka kwa kishindo mtoto hupata ushahidi wa kosa lake mwenyewe, ushahidi ambao dawati lililofungwa sakafuni lisingempa kamwe. Kwa koti ni vivyo hivyo. Mahali penye ndoano ya kufikiwa, koti la sakafuni lina mwenyewe wa kuulizwa, na swali linakuwa la haki. Pasipo ndoano hiyo, kumgombeza mtoto ni kumwadhibu kwa kimo chake.

Ukimkaribisha mtoto kabatini, hata hivyo, huna budi kuangalia kilichomo. Nyumba nyingi hutia vidonge vyeupe vya naftalini kuzuia nondo na mende. Umoja wa Ulaya umeviondoa sokoni tangu mwaka 2008. Kwetu sababu ya kuvihofia ni nzito zaidi: watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea zaidi maeneo ambayo malaria imekaa muda mrefu, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa naftalini, na taarifa za kitabibu tangu katikati ya karne iliyopita zinaeleza vichanga waliougua baada ya kuvikwa nguo zilizohifadhiwa nayo. Zaidi ya hayo, kidonge hufanana na peremende. Nondo wa nguo hali plastiki wala pamba safi. Lava wake hula sufu, manyoya na nywele, hasa zenye jasho, gizani pasipoguswa. Koti linalovaliwa kila siku halimfai. La kulindwa ni lile la sufu linalolala miezi, nalo hulindwa kwa kufuliwa, kukaushwa kabisa na kufungwa ndani ya mfuko, mbali na kabati la mlangoni. Na koti lililolowa mvua lisifungiwe popote. Unyevu ukizidi asilimia 70 hivi kwa muda, ukungu huota, na ndoano iliyo wazi hukausha kuliko bomba lililosongamana.

Kuna upande wa kazi usiosemwa. Utafiti wa Kenya wa matumizi ya muda, uliofanyika mwaka 2021, uliona wanawake wakitumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na za malezi zisizo na malipo. Koti la sakafuni ni sehemu ndogo ya mzigo huo, lakini huinuliwa asubuhi na jioni, karibu kila mara na mtu yuleyule. Hata bibi aliyekuja kulea wajukuu, mwenye bega lisiloinuka tena, hufaidika na ndoano ya chini. Waandishi wa jedwali la Marekani walianza na watu wenye viti vya magurudumu, na kipimo chao kinamfaa yeye pia.

Kwa anayepanga nyumba kuna kizuizi cha mwenye nyumba asiyetaka ukuta utobolewe. Hapo theluthi ya bomba la juu iachwe wazi, zifungwe kamba mbili imara zishuke na kubeba kijiti kinyoofu hadi sentimita 91, na ndoano za waya zenye umbo la S ziingie juu yake. Mtoto akikua, kamba zinafupishwa: 102, kisha 112. Kijiti kitayumba, na atakayening'inia juu yake ataking'oa, kwa hiyo kijaribiwe kwa mkono wa mtu mzima kwanza. Ila bado najiuliza kwa nini kazi hii iachiwe kamba. Seremala wa Njombe anayetengeneza kabati la kuagizwa huuliza upana wa chumba, aina ya mbao na idadi ya milango. Wanaochora nyumba za kupangisha mjini hujua kwamba watakaoingia ni familia. Ni nani kati yao huuliza umri wa watoto, na kwa nini mteja mwenyewe hautaji?