Koridorasi: Kambare wa sebuleni anayestahili kujulikana kabla ya kununuliwa

MTU akitaja kambare mbele ya mkulima wa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, jambo la kwanza linalomjia akilini ni bwawa na sufuria. Tangu serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi mwaka 2009 na kugharimia uchimbaji wa mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyoteuliwa kote nchini, wakazi wengi wa magharibi mwa Kenya wamemfahamu kambare kama samaki anayekua upesi, anayestahimili maji ya tope na anayeuzwa kwa kilo.

Yuko hata hivyo kambare mwingine ambaye hapimwi kwa kilo. Urefu wake ni kama wa kidole cha mtu mzima, aghalabu baina ya sentimita tatu na saba. Hafugwi ili aliwe bali atazamwe, na makao yake ni tangi la kioo lililowekwa sebuleni. Huyu ndiye koridorasi, mmoja wa samaki wa mapambo wanaopendwa mno duniani, na ambaye pia huuzwa katika maduka ya samaki wa aina hiyo hapa nchini.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi humchukua kwa kuvutiwa na sura yake tu. Humtia katika maji yaliyotoka mferejini asubuhi hiyo, na baada ya siku chache humwokota akiwa amekufa. Lawama huelekezwa kwa muuzaji, ilhali kosa mara nyingi huwa ni kutojua mambo machache ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuyaelewa.

Asili yake

Koridorasi hana asili ya Afrika. Anatoka Amerika Kusini, katika mito na vijito vinavyoanzia kaskazini mwa bara hilo hadi Argentina. Jina lake alipewa na mtaalamu Mfaransa, Lacepède, mwaka 1803, kutokana na maneno ya Kigiriki yanayohusu kofia ya chuma na ngozi. Jina hilo linamfaa, kwani badala ya magamba ya kawaida, ubavu wake umefunikwa kwa safu mbili za vibao vya mfupa vilivyopangwa kama vigae vya paa.

Mmoja wa koridorasi wanaojulikana zaidi, yule mwenye madoadoa ya kijivu, alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1842 kutokana na samaki waliokusanywa na Charles Darwin katika safari yake ya meli ya Beagle. Mwingine, mwenye rangi ya shaba, alielezwa mwaka 1858 kutokana na samaki wa kisiwa cha Trinidad.

Kwa muda mrefu mamia ya aina hizi yaliwekwa katika jenasi moja tu, Corydoras. Mwaka 2024 watafiti waliochunguza vinasaba na maumbile yao waliigawa jenasi hiyo katika makundi kadhaa. Yule wa shaba sasa anaitwa Osteogaster aenea na yule wa madoadoa Hoplisoma paleatum. Wauzaji na wafugaji wengi hata hivyo wangali wanatumia jina la zamani, na mnunuzi hana sababu ya kushtuka akiyakuta majina yote mawili.

Mbali na matamvua, koridorasi ana njia nyingine ya kupumua. Hupanda juu ghafla, akameza funda la hewa na kurudi chini, na utumbo wake ukafyonza oksijeni iliyomo. Kambare wa bwawani naye huvuta hewa ya juu, lakini yeye hutumia kiungo maalumu kilicho karibu na matamvua. Kwa hiyo mwenye tangi akimwona koridorasi akichupa mara moja moja, asiwe na hofu. Lakini wote wakipanda kila dakika, hiyo ni ishara kwamba maji yamechafuka au yamepungukiwa na hewa.

Si mfagizi wa tangi

Dhana iliyoenea ni kwamba koridorasi ni mfagizi anayekula uchafu wa samaki wengine. Dhana hiyo imewaua wengi kwa njaa. Ni kweli kwamba hutafuta chakula chini, akiongozwa na sharubu zake, lakini hali kinyesi, na mabaki yanayomfikia baada ya wenzake kushiba hayatoshi.

Anahitaji chakula chake mwenyewe kinachozama: tembe za samaki au minyoo iliyokatwakatwa, mara moja au mbili kwa siku, kwa kiasi kinachokwisha katika dakika chache. Akilishwa jioni taa zikiwa zimepunguzwa, hupata nafasi ya kula kabla ya wenzake wenye pupa.

Jambo la pili ni sakafu ya tangi. Koridorasi huchota mchanga kwa kinywa, akabakiza chakula na kuupitisha mchanga kwenye matamvua. Kokoto zenye ncha humnyima desturi hiyo, na zikirundikana uchafu huchangia sharubu kuoza. Mchanga laini wa mtoni unafaa, mradi uoshwe ndoo baada ya ndoo hadi maji yatoke meupe.

Jambo la tatu ni jamaa. Huyu ni samaki wa kundi. Akiwekwa peke yake hujificha na kudhoofika. Sita wa aina moja ndio idadi ya chini inayopendekezwa, nao wakitunzwa vyema wanaweza kuishi miaka 10 au zaidi. Mnunuzi afahamu basi kwamba anajifunga kwa muda mrefu kuliko anavyodhani.

Maji kwanza, samaki baadaye

Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30 hubeba lita 54 za maji. Likiongezwa mchanga na uzito wa kioo chenyewe, linapita kilo 70 kwa urahisi. Halifai kuwekwa juu ya kabati la runinga lililolegea wala mbele ya dirisha linalopigwa na jua.

Maji ya mfereji huwa na klorini ya kuua vijidudu, na klorini hiyo hiyo huunguza matamvua. Njia rahisi ni kuyaacha maji katika ndoo wazi kwa siku nzima, yakisukwasukwa kwa pampu ya hewa ikiwezekana, au kutumia dawa ya kuondoa klorini. Anayetumia maji ya kisima huepuka klorini, ila ni busara kuyapima kwanza. Maji ya mvua yaliyotekwa kwenye bati safi nayo hufaa yakichanganywa na mengine, kwa kuwa peke yake yana madini machache mno.

Sehemu isiyoonekana ndiyo muhimu zaidi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hujijenga ndani ya chujio na juu ya mchanga kwa muda wa kati ya wiki nne na sita. Tangi jipya linalong'aa kama kioo cha saluni ndilo hatari, kwa kuwa halina bado jeshi hilo la wasafishaji.

Kwa hivyo chujio liwashwe wiki kadhaa kabla ya samaki kuletwa, huku chembe za chakula zikitiwa kidogo kidogo ili bakteria wapate riziki. Baadaye, robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Sifongo ya chujio isioshwe kwa maji ya mfereji, kwani klorini itaua bakteria wote. Isuguliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

Umeme ukikatika, kama inavyotokea mara kwa mara mashambani, chujio husimama na bakteria hao huanza kukosa oksijeni. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri huokoa mengi. Wakati huo samaki wasilishwe. Koridorasi mwenye afya hafi kwa kukosa mlo wa siku moja, bali chakula kinachooza huweza kumuua.

Baridi ya Kitale, joto la Bungoma

Mahali anapoishi mfugaji pana neno katika uchaguzi wake. Bungoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kitale inakaribia mita 1,900 na usiku wake ni wa baridi. Koridorasi wengi hustawi katika maji ya nyuzi kati ya 22 na 26. Katika nyumba ya Kitale, tangi lisilo na kipasha joto linaweza kushuka chini ya kiwango hicho alfajiri.

Anayeishi nyanda za juu na asiyetaka gharama ya kipasha joto angefanya vyema kuchagua yule wa madoadoa, ambaye asili yake ni kusini mwa Brazil, Uruguay na Argentina, na ambaye huridhika hata na nyuzi 18 au 20. Aina zinazopenda joto la nyuzi 25 na zaidi zisiletwe huko bila maandalizi.

Kwa upande mwingine, ubaridi kidogo una faida yake. Kwao Amerika Kusini, mvua huteremsha maji baridi mitoni, na hiyo ndiyo dalili ya kuanza kuzaa. Mfugaji akiwalisha vizuri kisha akabadilisha maji kwa mengine yaliyo baridi kidogo, huenda akakuta asubuhi mayai yamegandishwa kwenye kioo. Jike huyabeba machache machache katikati ya mapezi ya tumboni, kisha huyabandika. Huanguliwa kwa siku tatu hadi tano. Wazazi wasipotengwa, huyala.

Kumpiga picha

Wengi wanaomfuga hutamani kumpiga picha, na wengi huishia kupata ukungu wenye macho mawili. Sababu kuu ni tatu: kioo, mwanga na haraka.

Kioo kipanguswe ndani na nje. Kamera, hata ikiwa ya simu, ielekezwe moja kwa moja kwenye kioo, kwani ikiinamishwa picha hupotoka. Taa za chumbani zizimwe ili uso wa mpigaji usiakisiwe, na mwanga utoke juu ya tangi. Mwako wa kamera ukipigwa kwa mbele hurudi kama mmweko mweupe na kuwashtua samaki.

Kwa kuwa koridorasi hatulii, kasi ya kamera isipungue sehemu ya 125 ya sekunde. Ulengwe kwenye jicho, kwa maana jicho likionekana wazi mtazamaji huisamehe picha makosa mengine. Jicho hilo lina kioja chake: koridorasi hulizungusha kuelekea chini, na anayemtazama huapa kwamba amekonyezwa.

Siri kubwa lakini ni subira. Wakiwa wamezoea kulishwa mahali pamoja karibu na kioo cha mbele, watakuja wenyewe. Asiye na subira hugonga kioo, naye hupata picha ya mchanga uliotimuka.

Picha hizo zina manufaa kuliko mapambo. Picha ya kila mwezi, ikipigwa upande ule ule, huonyesha sharubu zinazofupika, tumbo linalobonyea au pezi linalooza kabla jicho halijagundua.

Asimwagwe mtoni

Siku itafika ambapo mfugaji atahama au atachoka. Huruma ya haraka humwambia awapeleke samaki mtoni. Hilo lisifanywe kabisa. Eneo hili liko katika bonde la Mto Nzoia, na kinachomwagwa kwenye kijito kidogo huweza kufika Ziwa Victoria, pamoja na vimelea na magonjwa yake. Samaki wasiotakiwa wapewe mfugaji mwingine au warudishwe dukani.

Ziwa hilo limekwisha kutoa fundisho. Mbuta aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mapema miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na aina nyingi za samaki wadogo waitwao fulu zikatoweka. Baadhi ya aina hizo zimehifadhiwa katika matangi ya vioo ng'ambo, mikononi mwa wataalamu na wapenzi wa samaki.

Mto Nzoia nao una hazina yake. Kuna okoko, kambare mdogo mwenye sharubu ambaye hulia kwa kusugua miiba ya mapezi yake, na ambaye jamaa zake hufugwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Kuna ningu, ambaye hupanda mto majira ya mvua ili kutaga mayai, na ambaye uvuvi wake uliporomoka baada ya nyavu kutegwa kwenye midomo ya mito. Leo ametajwa miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa ya kutoweka.

Samaki anapohifadhiwa katika dawa maabara, rangi zake hufifia. Picha iliyopigwa angali hai, ikiandikwa mahali na tarehe, huwa ushahidi ambao chupa haiwezi kuutoa. Kijana wa Mabanga aliyejifunza kuyasoma maji na kusubiri mbele ya kioo kwa ajili ya koridorasi wa Amerika atakuwa amepata ujuzi ule ule unaohitajika kumjua okoko wa mto wa kwao, angali yupo.